Unanunua spoti turingi mpya kwa safari ndefu? Anza na mwili wako, hosipawa baadaye

Watu wengi wakitaka kununua pikipiki ya spoti turingi wanaanza na "ina hosipawa ngapi" na "inafika spidi ngapi", wanakaa wiki nzima wanalinganisha brosha, alafu wananunua kitu ambacho nusu saa ya kwanza ni raha tupu na baada ya masaa matano barabarani mikono imekufa ganzi, shingo imekaza, magoti yanauma na bado kuna kilomita 200 za kumalizia. Mimi nasema hivi, pikipiki ya safari ndefu unaipima kwa vile utakavyojisikia lisaa la mwisho la siku, sio lile la kwanza. Karibu kila spoti turingi mpya siku hizi ina injini ya kutosha na breki za kutosha, kinachotofautiana kweli ni inavyokaa na mwili wako, na mzigo wako, na njia unazopita.

Kwanza tujue tunachagua kati ya nini na nini. Spoti turingi ni pikipiki ya kati, inakata kona vizuri kama spoti ila imewekewa kioo cha kukinga upepo, siti inayokalika na sehemu za kufunga maboksi. Zamani hili kundi lilikuwa la madude mazito, Honda ST1300, Yamaha FJR1300, Kawasaki GTR1400, zote za shafti (fimbo ya chuma inayozungusha tairi la nyuma badala ya cheni) na zote zinacheza kwenye kilo 300 hivi zikiwa na mafuta. Leo soko limegawanyika. Wakubwa waliobaki ni kama BMW za RT na ile K1600GT ya silinda sita. Kuna za silinda nne zenye damu ya spoti kabisa kama Suzuki GSX-S1000GT na Kawasaki Ninja 1100SX, na kwa asiyeshiba kuna Kawasaki H2 SX yenye supachaja, yaani pampu inayosukumia hewa kwenye injini. Alafu kuna za kukaa wima, hendeli pana, mgongo umenyooka, Yamaha Tracer 9 GT, Honda NT1100, Triumph Tiger Sport. Kuna watu wanasema hizi za mwisho sio spoti turingi halisi. Waache. Kwa mtu anayekula kilomita 600 au 700 kwa siku hizo ndizo za kuangalia kwanza, na sababu nitaieleza hapa chini.

Nenda dukani na nguo zako za kuendeshea, buti, jaketi, glavu, helmeti, zote. Kaa juu ya pikipiki, muombe mtu aishikilie iwe wima, weka miguu pale pa kukanyagia na mikono kwenye hendeli. Kaa hivyo dakika kumi au kumi na tano, sio sekunde ishirini za kupiga picha. Sasa bila kuusogeza mgongo, inua mikono kidogo tu iachie hendeli. Ukiona unadondoka mbele basi uzito wa kifua chako ulikuwa umebebwa na viganja, na viganja havijaumbwa kwa kazi hiyo siku nzima. Ukibaki ulivyo bila shida, hiyo pozi mwili unaibeba wenyewe. Kuna jambo linawachanganya watu hapa, pikipiki ya kuinama mbele ukiwa kasi inakuwa nyepesi mikononi manake upepo unakusukuma kifuani na kukuinua, kwa hiyo kwenye barabara kuu unaweza kusema mbona iko poa, alafu ukiingia mjini kwenye foleni au ukipanda milima ya kona kona taratibu ndio viganja vinaanza kulia. Safari ndefu ina vyote viwili, kwa hiyo usiipime kwa upande mmoja.

Angalia magoti pia. Pembe ya goti ikiwa kali sana, yaani kisigino kimepanda juu karibu na makalio, damu haitembei vizuri na utakuwa unanyoosha miguu hewani kila baada ya nusu saa. Hendeli unaweza kuinua kwa vipande vya kuongeza kimo, siti unaweza kushonesha upya, lakini umbali kati ya siti na pa kukanyagia ni mgumu kubadilisha bila gharama, na ukiinua siti ili upate nafasi ya magoti miguu ya mtu mfupi inaacha kufika chini. Kwa hiyo hapo ndipo pa kuwa mkali tangu dukani.

Siti sasa. Siti laini sana dukani ndiyo inayodanganya kuliko kitu chochote kwenye hii biashara. Sponji laini unalipenda siku ya kwanza, ila baada ya masaa mawili limeshabonyea lote na umekalia plastiki ya chini. Siti nzuri ya safari ni ngumu kidogo, pana pale nyuma unapokalia mifupa, na iko bapa. Ikiwa inateremka mbele utakuwa unateleza kwenye tanki kila ukishika breki na utajirudisha nyuma mpaka uchoke. Ukiipenda pikipiki yote ila siti ndio mbaya usiiache, siti inatengenezeka, ila weka hiyo gharama kwenye hesabu zako tangu mwanzo.

Sasa upepo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu upepo ndio uliolizaa hili kundi zima. BMW walipoitoa R100RS mwaka 1976 kitu kikubwa hakikuwa injini, ilikuwa lile bodi lake kubwa la mbele lililotengenezwa kwa vipimo vya handaki la upepo, mtu akawa anaweza kushika spidi kubwa kwa masaa mengi bila kupigana na hewa. Mpaka leo mambo ni yale yale. Upepo unachosha kuliko kuendesha kwenyewe. Unavuta shingo, unatikisa helmeti, na kelele zake zinakumaliza akili bila hata kujua kwamba ni kelele zinazokumaliza.

Watu wanadhani kioo kirefu ndio kizuri. Sio hivyo. Kioo kinakata hewa na pale ukingo wake wa juu unapoishia kuna hewa iliyovurugika, inazunguka zunguka, na hiyo hewa ikikupiga kwenye helmeti ni mbaya kuliko kutokuwa na kioo kabisa. Hewa safi iliyonyooka hata ikikupiga kichwani inavumilika, kinachoua ni ile mitikisiko. Kwa hiyo kioo hicho hicho rafiki yako mfupi anakisifia na wewe mrefu kinakuumiza kichwa, wote mnasema kweli. Ukiijaribu barabarani, ukiwa kwenye spidi yako ya safari na barabara iko wazi, inua kichwa juu kidogo alafu kishushe kidogo. Ukikuta ukishusha kwa upana wa vidole vitatu kelele zinakatika ghafla, basi kwa kimo chako kioo hakijatosha, na ukikuta ukiinua ndio panatulia, basi kimezidi. Ndio maana kioo kinachopanda na kushuka, kwa umeme au hata kwa mkono, mimi nakiweka juu ya hosipawa 30 za ziada bila kufikiria mara mbili. Cha umeme kina faida moja, unakirekebisha ukiwa unatembea, asubuhi ya baridi unakipandisha, mchana wa joto unakishusha upate hewa. Na vizibo vya masikio vaa kila safari hata kama kioo ni kizuri vipi, hakuna kioo kinachoondoa kelele zote kwenye kilomita 120 kwa saa.

Joto la injini pia liulizie. Bodi kubwa la mbele linalokukinga na mvua ndilo hilo hilo linalosukumia joto la redieta kwenye mapaja, na usipoijaribu kwenye foleni hutajua. Endesha mpaka feni iwake ndio ujue.

Uzito usiusome kwenye karatasi tu, usukume. Tofauti ya GSX-S1000GT ya kilo 226 na RT inayozidi kilo 275 ukiwa mwendoni huisikii sana, tena nzito wakati mwingine inatulia zaidi upepo ukipiga kwa pembeni. Utaisikia jioni umechoka, umepaki kwenye kokoto na kamteremko, pikipiki inatazama ukuta, tanki limejaa na maboksi yamejaa, na unatakiwa kuirudisha nyuma peke yako. Hicho ndicho kipimo. Dukani waombe uisukume nyuma, uipandishe kwenye stendi ya kati, na uigeuze kwenye nafasi ndogo. Kimo cha siti nacho usikisome namba peke yake, siti ya milimita 820 iliyo nyembamba mbele inafikisha miguu chini vizuri kuliko ya 800 iliyo pana.

Alafu kuna namba moja ambayo karibu hakuna anayeiuliza na ndiyo ningeiuliza ya kwanza kama unasafiri na mtu nyuma: inaruhusiwa kubeba kilo ngapi. Iko kwenye kitabu cha pikipiki. Unachukua uzito wa juu unaoruhusiwa, unatoa uzito wa pikipiki ikiwa na mafuta, kinachobaki ndio chako wewe, mwenzako, nguo zenu, maboksi matupu na vilivyomo. Tufanye imebaki kilo 190. Wewe na nguo zako zote za kuendeshea kilo 90, mwenzako 70, tayari 160. Maboksi matatu matupu yanaweza kula kilo 12 mpaka 15. Umebaki na kilo 15 hivi za nguo, zana, maji na kila kitu kingine kwa watu wawili. Ukizidisha breki zinachelewa, tairi la nyuma linapata moto, na mbele panakuwa pepesi kwenye kona. Pikipiki nyepesi za kisasa ni tamu ila hapa ndio zinapobana, na wakubwa kama RT hapa ndio wanapoonyesha kwa nini wanabeba hizo kilo zote.

Maboksi nayo yana mipaka yake, boksi la nyuma la juu mara nyingi linaruhusiwa kilo chache tu, tano hivi kwa nyingi, na maboksi yakiwepo viwanda vingi vinaweka kikomo cha spidi, soma stika iliyo ndani ya mfuniko. Vizito vyote weka chini kwenye yale ya pembeni na karibu na siti, boksi la juu liwe la vitu vyepesi kama koti la mvua. Pima pia upana wa maboksi ukilinganisha na hendeli, ikiwa maboksi ni mapana kuliko hendeli utakuwa unapita penye nafasi mbele halafu nyuma inagonga. Na kama una mtu wa kumbeba mpeleke dukani na yeye akae, maana pikipiki nyingi za hili kundi zimemfikiria dereva na abiria akawekwa mwishoni, pa kukanyagia pako juu na hana pa kushika.

Tukija kwenye injini ndio nitawakera wengine. Hosipawa 100 zinatosha. Kweli kabisa zinatosha, hata mkiwa wawili na mzigo. Cha kuangalia ni nguvu inapatikana kwenye RPM ngapi, yaani injini ikizunguka mara ngapi kwa dakika. Mfano mzuri ni huu, Honda NT1100 ya kwanza ya 2022 ina toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 104 na Suzuki GSX-S1000GT ina Nm 106, ukisoma haraka haraka ni kitu kimoja. Ila Honda inazifikia kwenye RPM 6,250 na Suzuki kwenye 9,250. Maana yake kuovateki lori ukiwa gia ya mwisho, Honda unafungua mkono tu, Suzuki ukitaka utamu wake wote unashuka gia moja au mbili kwanza. Anayependa kuisikia injini ikipanda atachagua Suzuki na hajakosea, ina hosipawa 152 dhidi ya 102. Ila ukiwa umechoka, saa kumi na moja jioni, ile ya kutoshuka gia inakupumzisha. Honda hiyo hiyo unaweza kuichukua na gia za DCT zinazojibadilisha zenyewe, haina klachi ya kushika kabisa, inaongeza kilo 10 na kwa wenye maumivu ya kiganja ni mkombozi.

Mtetemo usiusahau. Silinda nne inatetemeka kidogo kidogo kwa haraka, mtetemo mwembamba unaotia vidole ganzi bila kuuona, silinda mbili inatetemeka kwa mapigo makubwa ambayo wengine hayawasumbui kabisa. Kila injini ina RPM yake ambayo inakasirika, na balaa ni ikikutana na spidi yako ya safari. Kwa hiyo ukiijaribu shikilia ile spidi unayotembea siku zote, gia ya mwisho, dakika kumi mfululizo, alafu sikiliza viganja na miguu.

Cheni au shafti ni mjadala usioisha. Shafti unaisahau, unabadilisha oili yake kwa ratiba na basi, ila inaongeza uzito na bei na chaguo ni chache, BMW za RT na K, Moto Guzzi V100 Mandello, na nyingine za kuhesabu. Cheni ni nyepesi na inapatikana kila mahali ila inataka kupakwa oili kila kilomita 500 hadi 1,000 na mvua ikinyesha mapema zaidi, kwa safari ya siku nyingi hiyo ni kazi ya karibu kila jioni. Ukichagua cheni hakikisha inakuja na stendi ya kati, na kama haina inunue siku hiyo hiyo, kuzungusha tairi la nyuma kwa kusukuma pikipiki kidogo kidogo kwenye parking ukiwa umelowa hakuna anayestahili. Msimamo wangu, kama mnasafiri wawili na unakula makumi ya maelfu ya kilomita, tafuta shafti, wengine wote cheni inawatosha.

Tanki usilihesabu kwa lita, lihesabu kwa umbali mpaka taa ya akiba iwake. Lita 20 kwa pikipiki inayotembea kilomita 18 kwa lita ni 360 kwenye karatasi, toa lita tatu za akiba umebaki na 300 hivi. Na hizo 18 zinashuka ukiongeza spidi, maana upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa spidi, ukitoka 110 kwenda 130 hewa inakurudisha kwa karibu asilimia 40 zaidi. Maboksi nayo yanaongeza hewa ya kupasua. Kama njia zako vituo viko mbali mbali angalia hili kwa makini, kama viko karibu, kilomita 250 kati ya vituo inatosha kwa sababu makalio yenyewe yataomba kusimama kabla ya tanki.

Vifaa vya umeme nitavipitia haraka. ABS (breki zisizofunga tairi) inayofanya kazi hata ukiwa umelala kwenye kona na trakshen kontroli yake inayozuia tairi kuteleza, chukua, usibishane. Kruzi kontroli ni lazima, inashikilia spidi yenyewe na inaokoa mkono wa kulia. Gripu za kupasha joto kama unapita kwenye baridi. Rada inayofuata gari la mbele na kurekebisha spidi yenyewe, iliyoanza kuonekana kwenye pikipiki za dukani na Ducati Multistrada V4 ya mwishoni mwa 2020 na sasa ipo kwenye Tracer 9 GT+ na nyinginezo, ni nzuri kwa barabara kuu zenye magari mengi, ukiikosa hujapungukiwa. Kama utavaa jaketi la kupasha joto na kufunga taa za ziada uliza altaneta (inayozalisha umeme wa pikipiki) inatoa wati ngapi na zinabaki ngapi baada ya pikipiki kujilisha yenyewe.

Shokapu ningeipa heshima kuliko skrini. Springi nyingi kutoka kiwandani zimepangwa kwa dereva wa kilo 75 au 80 aliye peke yake, ukiweka abiria na mzigo nyuma inazama, taa inamulika mitini na usukani unakuwa mwepesi wa kuyumba. Pikipiki yenye kitufe au nobu ya kukaza springi ya nyuma kwa mkono bila spana ni ya mtu anayesafiri kweli. Ya umeme inayojirekebisha yenyewe ni tamu zaidi, ila ikiharibika nje ya waranti ni ghali.

Matairi kwa hili kundi mengi ni saizi 120/70 mbele na 180/55 nyuma, rimu za inchi 17, bila tyubu, na hiyo ni habari njema maana kila kampuni inayatengeneza na pancha unaziba mwenyewe barabarani kwa kamba. Saizi ya kipekee ipe alama ya kutoa.

Kuhusu sevisi uliza maswali mawili. La kwanza, valvu (milango ya hewa ya injini) zinapimwa kila kilomita ngapi. Tofauti ni kubwa ajabu, Multistrada V4 ni kila 60,000, Tracer 9 ni kila 40,000 hivi, na zipo ambazo ni nusu ya hapo au chini. La pili, fundi aliyeidhinishwa yuko umbali gani na njia zako, sio na nyumba yako tu. Modeli iliyotoka mwaka huu huu mimi huwa nashauri kusubiri msimu mmoja, makosa ya kiwandani yaonekane na kurekebishwa kwanza, isipokuwa injini yake ni ile ile iliyokuwepo miaka kadhaa kwenye modeli nyingine.

Kabla ya kulipa kodisha moja kwa siku nzima kama inapatikana. Siku moja ya kukodisha, kilomita 400 na mchanganyiko wa barabara kuu, kona na foleni, inakuambia zaidi ya video zote ulizoangalia. Kama hakuna ya kukodi omba angalau lisaa lizima, na ukinyimwa kabisa nenda duka lingine.

Ukishaichukua usiondoke nayo safari kubwa wiki hiyo hiyo. Kilomita 100 au 200 za kwanza matairi mapya bado yanateleza, lala kwenye kona polepole. Panga njia za karibu zenye kupanda na kushuka RPM, usiikalishe spidi moja masaa mengi injini ikiwa mpya, mpaka ufike sevisi ya kwanza ambayo kwa nyingi ni kwenye kilomita 1,000, oili ya kiwandani itoke. Alafu pakia mzigo wote wa safari, mtu wako akae nyuma, kaza springi, rekebisha taa ya mbele isiwachome macho wanaokuja, na upime upepo wa matairi asubuhi yakiwa ya baridi kwa namba za kwenye kitabu za kubeba watu wawili, kwa nyingi za hizi ni psi 36 mbele na 42 nyuma.